Marie NDiaye: ndiye au siye mwandishi wa Afrika?

#1 Mkutubi Mstaafu (mleta uzi)

Salamu kwenu wanajukwaa. Nina swali ambalo limenikaa kichwani tangu nilipomaliza kusoma kwa mara ya pili vitabu vya Marie NDiaye, mwandishi wa tamthilia na riwaya wa Ufaransa. Mama yake ni Mfaransa, baba yake ni Msenegali, na jina lake la ukoo ni la Kiwolofu waziwazi. Hata hivyo, katika mahojiano zaidi ya moja amesema kwamba yeye hajihesabu kuwa mwandishi wa Afrika, kwa kuwa alilelewa katika ulimwengu wa Kifaransa mtupu na hakurithi kwa baba zaidi ya jina na rangi ya ngozi.

Linalonishangaza ni kwamba mwanamke huyohuyo ameandika Papa doit manger, tamthilia ambayo baba mweusi anabisha hodi baada ya kutoonekana kwa miaka 10. Ameandika Trois femmes puissantes, riwaya inayoanza Senegal na kuishia kwenye uzio wa wahamiaji. Na ameshirikiana na mwelekezi Claire Denis kuandika White Material, filamu iliyopigwa Kamerun. Mtu aliyeachana na kitu hakirudii kila baada ya miaka michache. Dai langu ni kwamba anamkana baba, haikani Afrika, nasi wasomaji tunayachanganya mambo hayo mawili. Kichwa cha uzi nimekichezea kidogo, kwa sababu anayelisoma jina NDiaye kwa macho ya Kiswahili hawezi kukosa kuiona "ndiye". Anayepinga na apinge, ila alete vitabu.

#2 Mpita Njia

Mimi naona unamwonea bure. Mtu aliyezaliwa Dakar, akawa mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Goncourt, ile kubwa ya fasihi ya Ufaransa, na ambaye mume wake amekuwa waziri wa elimu wa Ufaransa, ana haki ya kujiita anavyotaka.

#3 Msomaji wa Bujumbura

Ndugu Mpita Njia, katika sentensi moja umekosea mara tatu, na sidhani kama kuna aliyewahi kukufikia humu. Marie NDiaye alizaliwa tarehe 4 Juni 1967 mjini Pithiviers, kusini mwa Paris, akakulia Bourg-la-Reine, kitongoji cha Paris. Mweusi wa kwanza kupata Goncourt ni René Maran, mwaka 1921, kwa riwaya ya Batouala; NDiaye alipoipata mwaka 2009 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza. Aliyekuwa waziri wa elimu ni Pap Ndiaye, mwanahistoria, aliyeshika wizara hiyo kuanzia Mei 2022 hadi Julai 2023, naye ni kaka yake. Mume wake ni mwandishi Jean-Yves Cendrey.

Kwa wanaopenda vitu vidogo, ndugu hao wawili hawaliandiki jina lao kwa namna moja: dada anaweka D kubwa, kaka anaweka d ndogo.

#4 Mpita Njia

Nimekubali makosa, na nimetubu. Ila hiyo D kubwa inanifurahisha kuliko uzi wenyewe.

#5 Fundi wa Maigizo

Nashukuru kwa mada. Mimi nafundisha sanaa za maonyesho, na ningependa tuanzie kwenye tamthilia, kwa sababu wengi wanamjua kwa riwaya tu. Hilda ilichapishwa mwaka 1999. Bibi mmoja tajiri, Lemarchand, anamtaka Hilda awe mfanyakazi wake wa ndani, na mazungumzo yote anayafanya na Franck, mume wa Hilda. Hilda mwenyewe hatokei jukwaani hata mara moja. Tunamsikia akisifiwa, akipangiwa saa, akilipwa mshahara wa mbele ambao baadaye unageuka kamba ya kumfungia, huku bibi huyo akijigamba kwamba yeye ni mtu wa mrengo wa kushoto na kwamba mfanyakazi wake atakaa naye kunywa kahawa kama rafiki. Kadiri tamthilia inavyoendelea, mwanamke tusiyemwona anazidi kumalizika, mpaka tunaona kama ameliwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mleta uzi. Ukiusoma utunzi wake kwa jicho la jukwaa, utaona kwamba asiyekuwepo ndiye mhimili wa kila kitu. Hata katika Trois femmes puissantes, sehemu ya pili inapaswa kuwa ya Fanta, mwalimu aliyetoka Dakar, lakini karibu kurasa zote tunakaa ndani ya kichwa cha mume wake, Rudy, mzungu anayeuza majiko ya kisasa huko Gironde, Ufaransa, na ambaye siku yake inaharibika saa baada ya saa. Fanta tunamsikia kwa mbali. Kwa hiyo baba asiyekuwepo si lazima awe kidonda cha mwandishi. Anaweza kuwa mbinu ambayo fundi huyu ameijua tangu mapema, akaifaidi.

#6 Bi Mkubwa wa Kisauni

Nimesoma maelezo ya Hilda hapo juu nikaweka simu chini kwanza. Niliwahi kuishi na msichana wa kazi kwa miaka 4, na kila mgeni alipokuja nilisema, "Huyu ni kama mwanangu." Alikula tulichokula, nikamshonea nguo za Idi, na nilimlipa mapema kila alipoomba. Siku alipotaka kuondoka kwenda kuolewa, maneno yaliyonitoka yalikuwa ya hesabu: nimekupa hiki, nimekulipia kile, unaniachaje? Sijaisoma tamthilia hiyo, kwa kuwa Kifaransa changu ni cha kuombea maji, lakini bibi huyo namjua.

#7 Mwana wa Diaspora

Bi Mkubwa, hilo ni funzo. Naongeza kwamba shangazi yangu alikwenda Ghuba kufanya kazi za ndani, na kwa miaka 2 tulikuwa tunaongea na mwajiri wake tu. Tukipiga simu anapokea bibi mwenye nyumba, anatuambia kwa upole kabisa kwamba shangazi hajambo, anapendwa, ana chumba chake. Hilda hatokei jukwaani, na shangazi hakutokea kwenye simu. Alirudi salama, lakini mpaka leo hapendi kuulizwa.

#8 Mkutubi Mstaafu

Michango ya #6 na #7 imenigusa sana. Hata hivyo, naomba nimjibu Fundi wa Maigizo. Mbinu haitoki mawinguni. Baba wa NDiaye alirudi Senegal binti akiwa bado mtoto mchanga, na binti alifika Afrika kwa mara ya kwanza akiwa tayari mtu mzima na mwandishi aliyechapishwa. Ukimchukua mtoto aliyekua huku mzazi mmoja akiwa ni jina tu kwenye karatasi, kisha ukamkuta ukubwani anaandika tamthilia baada ya tamthilia juu ya watu wanaotajwa bila kuonekana, utawezaje kuniambia kwamba hilo ni suala la ufundi peke yake?

#9 Wakili wa Vitabu

Nyote wawili mnatafuta jibu ndani ya moyo wa mwandishi, mahali ambapo hatuna ruhusa ya kuingia. Tulitafute sokoni. Ufaransa ina desturi ya kutenganisha "fasihi ya Ufaransa" na fasihi ya watu wengine wanaoandika kwa Kifaransa. Shirika la Gallimard lina mfululizo uitwao Continents noirs, ulioanzishwa mwaka 2000 kwa ajili ya waandishi wa Afrika na wenye asili ya Afrika, na lina mfululizo wake mkuu wenye majalada meupe. Trois femmes puissantes ilitoka katika jalada jeupe. Mwandishi mwenye ngozi nyeusi na jina la Kiwolofu akikubali mara moja tu kuitwa mwandishi wa Afrika, kitabu chake kinahamishwa rafu, na akihamishwa rafu anasomwa kama ripoti ya bara zima. Kukataa kwake ni ulinzi wa kazi yake.

Nani aliyewahi kumuuliza Yasmina Reza, mwandishi wa tamthilia ambaye mama yake alitoka Hungaria, kama yeye ni mwandishi wa Ufaransa au wa Budapest?

#10 Msomaji wa Bujumbura

Hoja ya #9 ina uzito, ila ina tundu. Alianza kujitenga na lebo hiyo muda mrefu kabla ya jalada jeupe la 2009. Riwaya yake ya kwanza, Quant au riche avenir, ilichapishwa na Éditions de Minuit mwaka 1985, akiwa hajafikisha hata miaka 19. Husimuliwa kwamba mkuu wa Minuit, Jérôme Lindon, alikwenda kumsubiri nje ya shule akiwa na mkataba mkononi. Minuit ni nyumba ya uchapishaji ya Samuel Beckett na ya wale walioitwa waandishi wa riwaya mpya. Hapo hukuulizwa unatoka wapi, uliulizwa sentensi yako inasimamaje. Kitabu chake cha pili, Comédie classique, kilichotolewa na mchapishaji mwingine, kina kurasa kama 100 na sentensi moja tu. Ni msichana wa miaka 20 hivi anayeonyesha misuli.

Kwa hiyo ukoo wake wa kiuandishi ulikuwepo kabla hajaulizwa habari za ukoo wa damu.

#11 Mpita Njia

Sentensi moja kurasa 100? Basi amempita jirani yangu anaposimulia safari yake ya hija.

#12 Binti Ngazidja

Niko Marseille, mama yangu ni Mfaransa na baba ni wa Ngazidja, kwa hiyo mada hii si ya vitabu tu kwangu. Baba hakuondoka, alikaa na kunifundisha Shikomori cha kusalimia na cha kugombana. Lakini nina jina lake, na jina hilo ndilo linalotangulia kuingia kila chumba kabla yangu. Shuleni mwalimu alikuwa akinigeukia kila somo la Afrika lilipofika, kana kwamba mimi ni kitabu cha kiada. Niliwahi kujibu, "Sijui," na darasa zima likaniona mwongo.

Ninapomsoma NDiaye akisema hana utamaduni wa Senegali wa kumwonyesha mtu, sisikii kukana. Nasikia mtu anayekataa kudanganya. Angeweza kuvaa kitenge na kusimulia hekaya za bibi ambaye hakuwahi kulala nyumbani kwake, na wangempigia makofi.

#13 Kijana wa Kariakoo

Naomba niulize swali la kijinga. Nimesikia kwamba ndani ya Trois femmes puissantes imetajwa Dar es Salaam. Kama ni kweli, basi suala la Afrika limekwisha, tena ni Afrika ya kwetu.

#14 Msomaji wa Bujumbura

Si swali la kijinga, ila mji si huo. Ni Dara Salam, huko huko Senegal, palipo na kijiji cha watalii kinachounganisha hadithi zote kwa uzi mwembamba sana. Rudy aliyetajwa katika #5 ni mtoto wa mzungu mmoja aliyekuwa na biashara hiyo ya Dara Salam na aliyemuua mshirika wake Mwafrika. Naye baba wa Norah, mhusika mkuu wa sehemu ya kwanza, utajiri wake uliokwisha una harufu ya mahali hapohapo. Majina yote mawili yana asili moja ya Kiarabu, lakini usipande daladala.

#15 Kijana wa Kariakoo

Nilikuwa nimeshawaambia watu watatu.

#16 Bi Mkubwa wa Kisauni

Tafadhali, kwa sisi tusiosoma Kifaransa, hao wanawake watatu ni akina nani?

#17 Fundi wa Maigizo

Kwa ufupi, Bi Mkubwa. Norah ni wakili wa Paris anayeitwa Dakar na baba ambaye zamani aliwatelekeza, kwa kuwa kaka yake, Sony, yuko gerezani. Anamkuta baba amechakaa, mwenye tabia ya kulala juu ya mti mbele ya nyumba kama ndege mzito. Fanta nimekwisha kumtaja. Wa tatu ni Khady Demba, mjane asiye na mtoto, ambaye wakwe wanamtoa nyumbani na kumsukuma aende Ulaya kwa ndugu yake Fanta ili awatumie fedha. Safari inamvunja mwili kidogo kidogo, naye anaishia kwenye uzio wa mpaka. Kinachomfanya awe na nguvu ni kwamba hata anapopoteza kila kitu, ndani yake anaendelea kujitaja kwa jina lake lote, Khady Demba, na kujua kwamba hakuna mwingine aliye yeye.

Kila sehemu inafungwa na ukurasa mfupi uitwao "contrepoint", neno la muziki la sauti ya pili inayojibu ya kwanza, na ndege wamo kitabu kizima.

#18 Mwana wa Diaspora

Mti huo katika kitabu ni "flamboyant". Kwetu Morogoro ni mkrismasi, kwa kuwa maua yake mekundu hutoka Desemba. Nimetabasamu nikimfikiria baba mkali amelala juu ya mkrismasi.

#19 Mkulima Mwandishi

Kwetu tunauita mjohoro.

#20 Mwana wa Diaspora

Mjohoro una maua ya njano, Mkulima. Ni mti mwingine kabisa.

#21 Mkulima Mwandishi

Nimezaliwa chini yake, nadhani naujua.

#22 Mkutubi Mstaafu

Waungwana, mti tuuache usimame. Naona #12 amenitikisa, na nimerudi kuisoma Papa doit manger usiku kucha. Baba yule anarudi Courbevoie kwa familia aliyoiacha, anamkuta binti yake Mina mlangoni, anadanganya kwamba ametajirika, naye anausifia weusi wake kama mfalme asifiavyo joho. Anampokonya mke wa zamani utulivu aliokuwa ameanza kuupata na Zelner, mwalimu mzungu mwenye maneno mazuri. Nilidhani ni tamthilia ya kumhukumu baba. Sasa naona kwamba hata Zelner, mtu mwema, mpinga ubaguzi, anafichuliwa vilevile: maneno yake mema yanapowekwa kwenye mizani yanaonekana mepesi. Kwa hiyo dai langu la kwanza, kwamba anamkana baba, nalipunguza. Halijafa, lakini nalipunguza.

#23 Wakili wa Vitabu

Na ikumbukwe kwamba tamthilia hiyo iliingia katika orodha ya kazi za Comédie-Française, jumba la maigizo la taifa la Ufaransa, mwaka 2003, Bakary Sangaré, mwigizaji kutoka Mali, akiwa ndiye Papa. NDiaye alikuwa mwanamke wa kwanza kuingia humo katika historia yote ya jumba hilo.

#24 Msomaji wa Bujumbura

Naomba radhi kwa kuwa polisi wa uzi. Mwaka mmoja kabla yake, 2002, Savannah Bay, tamthilia ya Mfaransa Marguerite Duras, ilikuwa imeshaingia, na zipo za wanawake wa karne zilizopita ambazo ziliwahi kuchezwa hapo kisha zikasahauliwa. Duras alikuwa amefariki mwaka 1996. Sifa sahihi ya NDiaye ni kwamba aliingia akiwa hai, jambo ambalo mwandishi mwanamke mwingine wa wakati wake hakuwa nalo.

#25 Wakili wa Vitabu

Nimesahihishwa. Ninasalimu amri.

#26 Mchambuzi wa Siasa

Hakuna aliyegusa siasa, nami nashangaa. Mwaka 2007, baada ya Nicolas Sarkozy kuchaguliwa kuwa rais, NDiaye alihamia Berlin na familia yake. Miezi michache kabla ya tuzo ya 2009 alisema katika mahojiano na jarida la Les Inrockuptibles kwamba Ufaransa ile aliiona kuwa ya kutisha. Alipopata Goncourt, mbunge wa chama tawala, Éric Raoult, alimwandikia waziri wa utamaduni, Frédéric Mitterrand, akidai kwamba mshindi wa tuzo hiyo ana wajibu wa kujizuia kauli. Waandishi walikuja juu, kwa sababu hakuna sheria kama hiyo, na waziri akakataa kuwa mwamuzi.

Angalia kinaya chake: aliyesema siku zote kwamba yeye ni Mfaransa tu, alipoikosoa Ufaransa kama Mfaransa yeyote, akaambiwa awe na adabu, kana kwamba ni mgeni aliyekaribishwa mezani. Ukiniuliza kwa nini hataki lebo, nitakuonyesha barua ile.

#27 Kijana wa Kariakoo

Na tuzo yenyewe ni kiasi gani cha fedha, mpaka mtu afungwe mdomo?

#28 Mchambuzi wa Siasa

Hundi ya yuro 10. Fedha huja kwa mauzo ya kitabu.

#29 Kijana wa Kariakoo

Kwa yuro 10 ningesema lolote.

#30 Mzee wa Mji Mkongwe

Nimesoma kwa utulivu. Ubishi huu tumeshaufanya hapa kwetu. Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel mwezi Oktoba 2021, wengine walishangilia kwamba ni wetu, wengine wakauliza ni wetu kwa pasipoti ipi. Mwezi uliofuata Mohamed Mbougar Sarr wa Senegal akachukua Goncourt, naye hakuna aliyemuuliza. Nadhani kwa NDiaye tunamuuliza kwa sababu tunataka ushindi wake uwe wetu pia.

#31 Binti Ngazidja

Mzee wangu, shikamoo. Nakubali nusu. Gurnah alizaliwa Zanzibar, aliondoka akiwa kijana akiwa amekwisha kuushiba mji, na Paradise ilipotafsiriwa na Ida Hadjivayanis kuwa Peponi, wengi tulihisi maneno yamerudi kwao. Gurnah aliondoka. NDiaye aliondokewa. Trois femmes puissantes ikitafsiriwa kwa Kiwolofu itakuwa imefika mahali ambapo haikuwahi kukaa.

#32 Mzee wa Mji Mkongwe

Marahaba, mwanangu. Hata hivyo Pap, aliyelelewa na mama huyohuyo, katika nyumba hiyohiyo, aliandika La Condition noire mwaka 2008, juu ya weusi wa Ufaransa, na dada yake akamwandikia hadithi fupi ya kufungulia kitabu. Kuondokewa kumoja, majibu mawili.

#33 Fundi wa Maigizo

Hilo la #32 linawatia shida wote, nikiwemo mimi. Kaka anaeleza kwa hoja, dada anatunga watu. Mwaka 2022 alikuwa mmoja wa waandishi wa filamu ya Saint Omer, pamoja na mwelekezi Alice Diop, iliyopata Tuzo Kuu ya Majaji kule Venice, na humo kuna mwanamke Msenegali kizimbani, aliyemuua mtoto wake, anayezungumza Kifaransa safi mno kiasi cha kuwaudhi waliomzunguka. Mwaka mmoja kabla alikuwa ametoa La vengeance m'appartient, ambamo wakili wa Bordeaux anamtetea mama wa Kifaransa aliyewaua watoto wake watatu, huku nyumbani kwake kuna mfanyakazi kutoka Morisi asiye na karatasi. Kosa lilelile, rangi mbili. Sijui niliweke kwenye rafu gani.

#34 Bi Mkubwa wa Kisauni

Mimi bado niko kwa Hilda. Fundi, ukiitafsiri, utamwitaje? Mfanyakazi wa ndani ni neno la ofisini. Yaya ni wa mtoto. Boi ni tusi siku hizi.

#35 Fundi wa Maigizo

Nimejaribu ukurasa wa kwanza usiku huu. Nimeandika "dada wa kazi".

#36 Bi Mkubwa wa Kisauni

Hilo la dada ndilo bibi Lemarchand angelipenda. Liache hivyohivyo, uniletee ukurasa wa pili.